Ncha Namba Tatu

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni, nimebeba chane ya ndizi za kupika, mbele yangu birika na nyuma yangu jembe. Hakuna aliyeshangaa. Birika aliniuliza kama na mimi nimekuja kufungua ncha. Nikamwambia ndiyo, nataka kuongea na mwanangu Subilaga, yuko chuoni, mwaka wa pili, anasomea kompyuta.

"Ana siku ngapi hajapiga?"

"Tisa."

"Mimi kikombe changu kina mwezi," akasema, akageukia mbele.

Niwaeleze kwanza wazazi wenzangu, maana ndoto hii naiandika kwa ajili yenu, na mwenye mtoto aliye mbali asome mpaka mwisho. Mimi nimeishia darasa la saba. Habari za ncha nilizisikia kwa Subilaga mwenyewe likizo iliyopita, anamenya ndizi huku daftari liko magotini. Alisema kompyuta haiwezi kuongea na mwenzake mpaka programu iombe kufunguliwa ncha, yaani mdomo wa njia, mahali pa kutolea maneno na kuyapokelea. Ikikubaliwa inapewa namba. Ikikataliwa inapewa hasi moja. Mimi nikamjibu kompyuta itamharibu macho. Kila alichosema likizo ile nilimjibu hivyo hivyo.

Halafu siku tisa zilizopita akapiga simu akasema, "Mama, nina jambo." Nikamwambia jambo baadaye, kwanza umekula? Nikaanza: ale, asikose ibada, asikae mbele ya kioo cha kompyuta usiku kucha, aangalie marafiki. Dakika zikaisha, simu ikakata. Nikalaumu mtandao. Tangu siku hiyo kimya.

Basi foleni inasogea. Dirishani amekaa kufuli mkubwa wa shaba, amevaa miwani. Ndiye karani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja na barua ya mtendaji wa kijiji."

"Barua haina kazi hapa. Tunataka vitu vitatu tu: njia, nia na karatasi. Unataka njia ya mbebaji gani?"

Uani kuna wabebaji wawili, panzi na konokono. Panzi anarusha maneno ng'ambo na haangalii kama yamepokelewa. Konokono anapeleka neno, anasubiri aambiwe limefika, ndipo anarudi kuchukua jingine. Likipotea analipeleka tena.

"Konokono," nikasema. "Mambo ya mtoto si ya kurusha."

"Taja njia yake yote, kuanzia mzizini."

Nikasema, "Mzizi." Dirisha likatoweka. Niko chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mparachichi wetu pale nyumbani Tukuyu, kuna giza na harufu ya mvua. Nikasema, "Vifaa." Niko kwenye banda letu la majembe. Nikasema, "Konokono." Nikarudi dirishani, na konokono amekaa begani kwangu, wa baridi kama kijiko.

"Mama, umenikanyaga kule bandani," akasema jembe aliyekuwa nyuma yangu.

"Pole, mwanangu, sikukuona."

"Nia," akasema karani. "Unataka kusema, kusikia, au vyote viwili?"

"Kusema. Nina mengi. Yeye asikilize tu."

Kufuli akajifunga, klak. Sahani ikatoka chini ya dirisha. Juu yake hapakuwa na kitu, tena palikuwa na pungufu ya hapana kitu. Nilipoipokea, ndizi moja ikatoweka kwenye chane yangu.

"Hiyo ndiyo hasi moja," akasema birika, ambaye alikuwa ameshahudumiwa na sasa amekaa kwenye benchi akifuka mvuke. "Kila wakikukataa wanakupa, nayo inakula kimoja."

"Nimekosa nini?"

"Hasi moja haisemi kosa," akajibu karani. "Kosa lina kitabu chake." Akafungua kitabu, akasoma kwa miwani. "Nia haikubaliki. Hapa hatufungui ncha ya kusema tu, mama. Anayefungua anafungua kusema na kusikia, la sivyo aende akaongee na ukuta."

"Mimi ni mama yake mzazi!"

"Na mimi ni kufuli. Kila mtu na kazi yake."

Foleni nzima ikacheka. Jembe alicheka mpaka mpini ukachomoka.

"Haya," nikasema, "andika kusema, na kusikia kidogo."

"Kidogo hatuna."

Sahani ikatoka tena. Ndizi ya pili ikaenda. Nikaona kwa mwendo huu nitamfikia mtoto mikono mitupu.

"Andika vyote viwili."

Kufuli akafunguka kidogo, sauti yake ikalainika. "Je, utasubiri, au ukikuta kimya utaondoka?"

"Nitasubiri."

"Fikiri vizuri. Anayesubiri hasogei mpaka neno lifike. Hata kuku wakiingia kwenye mahindi."

"Nimesema nitasubiri."

"Karatasi ya masharti unaitaka? Wengi wanaiacha."

Na mimi nilitaka kuiacha. Nina haraka na maandishi madogo yananichosha. Lakini nikaziangalia ndizi zilizobaki, nikasema, "Nipe." Ilikuwa na mistari kuhusu neno linaweza kuwa refu kiasi gani, na neno la dharura linapita wapi. Mstari wa mwisho ulisema hivi: ukikata kabla mwenzako hajamaliza, alichobakiza kinatupwa.

Nikausoma mara tatu.

"Kinatupwa wapi?"

"Uani," akasema karani, kama mtu anayekuelekeza choo.

Nikachungulia. Pale nyuma ya panzi kuna lundo la maneno yaliyokatika, limelowa mvua, limefika usawa wa kiuno. Mengine nusu, mengine herufi mbili tu. Kwa juu kabisa, bado bichi, nikaliona la Subilaga kwangu. Nililijua kwa sauti yake, maana lilikuwa bado linasema polepole, "Mama, nina jambo, ma". Linafika hapo linaanza upya.

Nilitaka kwenda kuliokota. Karani akasema yaliyotupwa hayaokotwi, labda mwenyewe aseme tena.

"Basi nifungulie haraka."

"Imeshafunguka. Namba tatu."

"Kwa nini tatu na mimi ndiyo kwanza nimefika?"

"Tatu za kwanza ulizaliwa nazo. Sifuri ni sikio lako. Moja ni mdomo wako. Mbili ni mdomo wako wa kulalamikia." Akatazama daftari lake. "Hiyo ya mbili imechakaa sana, mama. Sifuri iko mpya kabisa."

Birika akajifanya anaangalia dari.

Nikapewa ncha yangu. Ilikuwa kipande kifupi cha bomba la bluu, kama lile linaloshusha maji kwenye pipa la mvua, na namba tatu imechorwa kwa chaki. Nikaliweka sikioni. Kimya.

"Hakuna mtu humu!"

"Kufungua si kuunganishwa," akasema karani. "Umepata mdomo wa njia, lakini hauna anwani. Nani atakupata kama hujasema uko wapi? Na ukimaliza, funga. Usiiache wazi."

Nikasema ndani ya bomba, "Mama Subilaga, Tukuyu, jikoni."

Niko jikoni kwangu. Nimekaa kwenye kigoda, bomba liko sikioni. Konokono anashuka begani, anapita shingoni, anaingia ndani ya bomba. Namsikia akienda, taratibu, mpaka simsikii tena.

Nasubiri.

Kuku wanaingia kwenye mahindi. Nawaona kwa dirisha, tena yule jogoo ananitazama huku anakula. Siwezi kuinuka. Maharage yanaanza kuungua.

"Mama Subi," sufuria inaniita, "naungua. Unanisikia au hunisikii?"

Namsikia. Siwezi.

Jirani yangu Mama Lusajo anapita mlangoni, kitenge kichwani. "We Mama Subi, umekaa au umekufa hapo? Kuku wako wanamaliza shamba!"

Simjibu. Ananiangalia, anasonya, anakwenda zake. Moshi wa maharage unaniingia kooni, nakohoa mara mbili. Maneno yangu yote yamejaa mdomoni, ale, asikose ibada, kioo, marafiki, yanagonga meno yanataka kutoka. Nayashika kama mtu aliyebana maji.

Mchana unapita. Konokono anarudi. Mgongoni amebeba neno moja, analitua kwenye sikio langu.

"Mama."

Anaondoka. Jioni inaingia. Anarudi.

"Macho."

Anaondoka. Asubuhi.

"Yangu."

Namuomba abebe mawili mawili. Ananiambia hiyo siyo kazi yake, kazi yake ni kufikisha. Siku zinapita kwenye dirisha kama kurasa, nami nimekaa, na maneno yanajipanga sikioni moja moja: Mama, macho yangu hayaoni ubao. Nakaa mbele bado sioni. Nimeogopa kukwambia. Utasema si nilikwambia.

Na kweli. Neno "si nilikwambia" lilikuwa tayari, limesimama mbele kabisa mdomoni, mbele ya yale mengine yote. Nilikuwa nimelitayarisha tangu likizo.

Konokono akasimama. Akanyoosha pembe zake zote mbili, akanitazama. Nikaelewa kwamba nikilitoa lile, yeye atalibeba. Yeye habagui. Atalifikisha mpaka ng'ambo na kusubiri aambiwe limefika.

Nikalimeza. Lilikuwa na miiba kama samaki.

Konokono akaingia ndani ya bomba. Akakaa muda mrefu kuliko safari zote. Aliporudi alikuwa amebeba mawili, ingawa alisema habebi mawili.

"Nifanyeje, mama?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nilipozinduka. Ncha namba tatu sikuifunga.

Kulikuwa kumepambazuka, mvua inanyesha kwenye mabati. Simu yangu ilikuwa kabatini ilikokaa tangu juzi, imezimika kwa kukosa chaji. Kuku walikuwa bandani. Sufuria ilikuwa safi. Nikajifunika kitenge, nikaipeleka simu kwa Mama Lusajo, ambaye ana sola.

"Leo mapema hivi?" akaniuliza. "Kuna msiba?"

"Chomeka kwanza, dada."

Ilipowaka nikapiga. Iliita sana. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kusikiliza hotuba.

"Marahaba. Wewe ndiyo useme, mwanangu. Nipo."

Zamani hapo ningeshaanza. Nikahesabu misumari kwenye bati la Mama Lusajo, nikafika ishirini na sita, naye bado kimya, nami sikusema. Mama Lusajo akaacha kufagia.

"Mama," akasema Subilaga hatimaye, "kifua kimepona?"

"Kifua gani?"

"Si ulikuwa unakohoa usiku. Ulikohoa mara mbili, pale nilipokuwa naanza kukwambia habari za macho."

Nikaitazama ile simu iliyokuwa imezimika tangu juzi, na waya wake kwenye sola.

"Mbona umeganda?" Mama Lusajo akaninong'oneza. "Ongea basi, dakika zinakwenda!"

Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha anyamaze, nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.