Uzito Usioonekana Mizanini

Jumatatu asubuhi fundi mizani aliinama amvalishe mkewe soksi, akashindwa kuuinua mguu. Aliushika kifundoni kwa mikono miwili, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mguu ulitulia palepale kitandani, mwembamba kama siku zote, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

"Unanitekenya," alisema mkewe.

"Nakuinua."

"Basi acha. Ukiteguka mgongo, nani atamuuguza mwenzake?"

Mke huyo alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye dobi ya hoteli, na wenzake walimwita Mama Pasi. Homa ya koo ilikuwa imepita pale kazini ikiwalaza mmoja baada ya mwingine. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba homa ikishuka tu, mtu anarudi mezani kwake, kwa kuwa mashuka yalikuwa hayapungui. Mama Pasi alirudi na shingo bado imevimba. Wenzake wakapona. Yeye uzito ukamwingia mikononi, kisha mwili mzima, na kulala usiku kucha hakukuupunguza hata kidogo.

Fundi alimpenda mkewe jamani, hilo halina ubishi. Ila alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: hakuamini uzito ambao mizani haijausoma. Alileta mizani bora kuliko zote karakanani, akaita majirani, wakamsogeza mama wa watu kwa vyuma na magogo mpaka akawa juu yake. Mshale ukasimama pale uliposimama mwaka jana. Fundi akaifungua mizani, akaipangusa, akabadilisha springi, akapima tena. Wiki nzima alikuwa sebuleni na bisibisi yake.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka chumbani, "niletee maji kwanza, halafu uendelee kunitafuta humo ndani ya mizani."

Siku ya pili yake mwalimu mstaafu, jirani wa ghorofa ya chini, alipiga hodi.

"Jirani, dari yangu imeshuka. Si lawama. Nauliza tu kama imefika mwisho."

"Bado, mwalimu."

"Basi ngoja nihamishe kabati la vyombo."

Mama mkwe alifika na begi lake la nguo. Aliitazama miguu ya kitanda ilivyokwisha kuzama kwenye mbao za sakafu, akavua viatu, akakaa pembeni ya mwanawe.

"Mama yangu naye alizama hivihivi," alisema. "Tukamwita mvivu. Wageni wakija, tulikuwa tunamwekea meza kwa mbele asionekane." Akalia kidogo, kisha akaomba chai.

Ngazi zisingemhimili mgonjwa, kwa hiyo daktari akaja mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimezama nusu. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akapima presha, akasoma majibu ya damu. Mama mkwe akamwambia yote: mwanamke huyu amevuka arobaini, amepata homa, bibi yake alikuwa na hali hii, kabla ya homa alikuwa akibeba zamu mbili, na kazini amerudi hajapona.

"Hayo yote kweli yanamweka mtu kwenye hatari," alikubali daktari. "Lakini vipimo ni vizuri. Mizani mnayo humu?"

"Mbovu," alisema fundi.

Maishani mwake hakuwahi kuiita mizani yake mbovu. "Zote mbovu, daktari. Mikono yangu imembeba mke huyu tangu harusi. Inajua."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Alikuwa ameyangoja maneno hayo kuliko dawa.

Daktari alimwonea fundi huruma. Alisema mgonjwa ni mzima, anaweza kurudi kazini, apunguze mawazo na afanye mazoezi mepesi. Hapo mbao zikaachia. Kitanda kikashuka taratibu hadi sebuleni kwa mwalimu. Daktari akachungulia shimoni.

"Na awe analala mapema," aliongeza.

Chini, mwalimu alisogeza kiti chake na gazeti lake.

"Karibu, Mama Pasi."

"Ahsante, mwalimu. Unisamehe kwa vumbi."

Fundi aliteremka na mito, akahamia hukohuko. Alijifunza kumchana nywele bila kukiinua kichwa, na kunyamaza mkewe anapochoka kusikiliza. Usiku alilala sakafuni kando yake, akifurahi kama bwana harusi kwamba wako pamoja.

Mwisho wa mwezi msimamizi wa dobi alikuja kumjulia hali. Kitanda kilikuwa kimepasua saruji, godoro liko usawa wa sakafu, ikabidi achuchumae ili wasalimiane. Alimsifu Mama Pasi kwamba hajakonda hata kidogo. Kisha akasema kwamba daktari amethibitisha yeye ni mzima, hivyo dobi inahesabu ameacha kazi kwa hiari. Meza yake wameshampa mwanamke mwingine, mchapakazi kweli.

"Homa imemwachia jana," alisema msimamizi, "leo yuko kwenye pasi."

"Mwambie akalale," alisema Mama Pasi. "Nakuomba, dada. Mwambie leo hii."

"Akilala yeye, mashuka apige nani?"

Msimamizi aliaga vizuri, akalizunguka godoro kwa uangalifu asimkanyage mtu, akatoka haraka kuwahi zamu ya mchana.