Mama Hasimami

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kimya na mama yake walipaka nta sakafu ya korido ndefu ya shule, kisha wakaing'arisha kwa nyayo tupu, wakiteleza huku na huku. Msimamizi, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Kioo, aliamini hakuna tambara linalong'arisha kama ngozi ya mtu. Wafagizi wote walikatazwa viatu. Miaka ilivyokwenda nyayo zao ziliisha mistari, wakawa wanatembea kwa kushika ukuta.

Jumatatu moja mama alijisukuma mlangoni kama kawaida, akateleza, na hakusimama. Alifika ukuta wa mwisho, ukuta ukamrudisha kwa mwendo uleule. Hakuongeza wala hakupunguza.

"Jiko umezima?" alimuuliza binti yake akipita.

Aliporudi, Kimya alimjibu kwamba amezima. Akamuuliza kama amechoka. Mama akasema kuchoka amechoka tangu zamani, ila leo miguu haina habari.

Bwana Kioo aliinama, akajiona meno sakafuni, akaridhika. Wafagizi wengine wakaambiwa wasirudi tena.

Mwalimu wa fizikia alilitoa darasa lake koridoni na kulipanga ukutani. Alieleza kwamba kitu kikishaanza kwenda huendelea kwenda, kwa mwendo uleule na katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu ya nje ikiguse. Mpira au toroli husimama kwa sababu ya msuguano, yaani hung'ang'aniana na ardhi bila sisi kuona. Mama huyu na sakafu hii, alisema, hawana tena cha kung'ang'ania. Mwanafunzi mmoja akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Kimya alikuwa ameacha shule darasa la tano, na hakuzoea kusema mbele za watu. Hata hivyo alinyoosha kidole.

"Mwalimu, hiyo nguvu ya nje inatoka wapi?"

"Popote. Hata mkono unatosha, ilmradi mwenye mkono awe na viatu vinavyoshika sakafu."

Kimya akatazama viatu vyao. Vyeusi, soli nene za mpira, vimepangana ukutani. Mama alikuwa anakuja, mkono ameunyoosha kidogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wanafunzi walirudi nyuma kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," aliitikia, mpaka sauti ikaishia upande wa pili. Kengele ikalia, wakaingia hisabati.

Kimya alimlisha uji kijiko kimoja kila alipopita. Ulipoa kabla bakuli halijafika nusu. Mama alisema hana njaa, anachotaka ni kukaa chini tu. Ndipo Kimya akauachia ukuta, akasimama katikati ya korido na kumkumbatia. Alisahau kwamba na yeye ni mfagizi wa hapo. Wakaondoka wote wawili, polepole zaidi.

"Si ungekaa tu, mwanangu," mama alisema.

"Ningekaa wapi?"

Mwalimu alichungulia dirishani, akalieleza darasa kwamba mzigo ukiongezeka mwendo hugawanyika. Bwana Kioo akatoka ofisini na kikombe chake cha chai. Aliwatazama wakija, akasema siku hizi watu wamekuwa wavivu. Walipomfikia alijiegemeza vizuri kwenye soli zake, akaweka mkono mmoja mgongoni mwao, akawasukuma.