Shemeji Havuki Kizingiti

Kilichomtia wasiwasi fundi wa dari hakikuwa kikohozi cha wenzake. Ilikuwa ile tabia ya shemeji yake kuishia mlangoni. Walikuwa wakitandika pamba ya kuzuia joto juu ya dari za jengo jipya, lile lililosifiwa kwamba halimdhuru hata ndege, na msimamizi wao, mume wa dada yake, hakuwahi kuvuka kizingiti chumba kikiwa na pamba. Amri zote alizitoa koridoni, akirefusha shingo kama mtu anayechungulia asikoalikwa.

"Hii imetengenezwa kwa chupa kuukuu za kioo," aliwaambia. "Haina sumu. Inawasha kidogo tu, mtazoea."

Wakazoea kujikuna. Fundi mwenzake, waliyembatiza Kifupi kwa kuwa kichwa chake kiligusa kila fremu, alikohoa hadi machozi yakamtoka, akasingizia mafua. Fundi wa dari hakumwondolea shemeji yake macho.

Jumapili alikwenda kumsalimia dada yake. Wakiwa wanamenya viazi, dada akaangua kicheko.

"Shemeji yako siku hizi ana vituko! Nguo za kazi anazivulia uani, anaoga, ndipo ambebe mtoto. Na hataki kabisa nizifue pamoja na zetu."

Fundi akaweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Tangu muanze hizo dari zenu. Kwani vipi?"

"Hamna kitu, dada."

Kesho yake alimfuata koridoni. "Shemeji, hebu ingia uitazame ile kona. Naona haijakaa sawa."

"Naiona kutoka hapa."

"Ingia basi."

"Nina haraka."

"Haraka ya kwenda kuvua nguo uani?"

Uso ukamshuka shemeji. Alimvuta pembeni, akafungua stoo. Ndani kulikuwa na maboksi ya barakoa, glavu na miwani, hayajaguswa.

"Bosi kasema zingoje wakaguzi," alinong'ona. "Wapangaji wakiwaona mmejifunika, watasema jengo lina sumu. Chukua yako. Ukiulizwa, umenunua."

"Na Kifupi je?"

"Usinimwagie unga, shemeji. Dada yako anakula wapi?"

Hapo ndipo fundi wa dari alipomwogopa shemeji yake kwa kweli. Aliipokea barakoa, akaenda kusimama katikati ya chumba, akaivaa mbele ya kila mtu.

"Zimejaa stoo," alisema. "Kila mtu akachukue yake."

Ngazi zikabaki tupu. Bosi alipofika na kuwakuta wameizunguka stoo, aliuliza kwa ukali nani aliyewaficha watu vifaa vyao, huku akimkazia macho msimamizi. Shemeji aliinamisha kichwa. Wiki haikuisha, akahamishiwa getini, na dada akaacha kupokea simu.

Barakoa ziligawiwa. Kifupi alipelekwa kwa daktari wa kampuni, akarudi akitabasamu: kifua kizima, mafua tu.

"Huyo daktari analipwa na nani?" fundi wa dari akamuuliza.

Kifupi akakohoa.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa mwingine."