Ukuta Usio na Plasta

"Fundi, tafadhali, weka mwiko chini kwanza," alisema akiwa mlangoni binti msanifu aliyezichora nyumba zile mpya za bei nafuu.

Mtaani walimwita Plasta, naye aliitika. Tangu ujana alikuwa akipiga plasta nyumba za watu, akizisawazisha kwa ubao mpaka kiganja kiteleze. Sasa amepata nyumba yake mwenyewe, halafu kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, yako uchi kabisa. Shemeji zake wakija si watamcheka mpaka wakae chini! Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amekoroga saruji na mchanga karai zima.

"Ukuta huu unapumua," msanifu alieleza. "Ukiuziba kwa saruji, unyevu utakwama ndani na joto litarudi."

"Unapumua." Plasta aliuwekea mkono, asisikie kitu. "Na sisi tutapumulia wapi, mwanangu? Nyumba zote hizi mmejenga, hakuna fundi plasta hata mmoja aliyeitwa."

Msanifu alitazama viatu vyake. "Plasta ndiyo tuliyoiondoa ili bei ishuke. Bila hivyo, mzee wangu, hata wewe usingeimudu."

Plasta aliugeuzageuza mwiko mkononi. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikujua ianzie wapi. Kumbe amepata nyumba kwa sababu kazi yake imetupwa? Sasa ashukuru au alalamike? Na ashukuru nani?

"Lakini nyumba ni yako," msanifu alisema akiaga. "Uamuzi ni wako." Hapo ndipo alipomchanganya zaidi.

Mkewe aliingia kutoka kuanika nguo, jasho likimtoka. Kule walikotoka, kwenye chumba chao cha bati, mchana kama huu alikuwa akishinda nje, akihama na kivuli huku akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Leo alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani na kunyoosha miguu.

"Mama watoto, sogea kidogo. Nataka kuanzia hapo."

"Anzia kwingine, baba. Hapa pana ubaridi."

"Kwingine wapi? Kuta zote ni hizi hizi."

"Basi usianze." Akafumba macho.

Plasta alibaki amesimama na mwiko wake. Alitazama ukuta, akamtazama mkewe, akautazama tena ukuta. Baada ya muda akasikia mkoromo mdogo.

Alichuchumaa kando ya karai, akabonyeza mchanganyiko kwa kidole gumba. Alipokiinua, alama ya kidole ilibaki; saruji ilikuwa imeanza kuganda.