Saa Tano kwenye Mita Ishirini

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuficha. Mke wangu Wakonyo alizoea kuwaambia wageni kabla hata sijawapa mkono, "Huyu mzee ni mzuri, lakini msiguse redio yake, na msibishane naye juu ya bendi." Wageni walicheka wakidhani anatania.

Naitwa Hezekiah Theuri. Nakaa Kamakwa, hapa Nyeri, na nilikuwa fundi wa simu mpaka nikastaafu. Nina leseni ya redio ya ridhaa, maana yake naruhusiwa kurusha sauti yangu hewani kwa mitambo yangu mwenyewe na kuongea na wenzangu wenye leseni popote duniani, bila biashara na bila siasa. Tumetengewa vipande vya masafa mafupi, na kila kipande, yaani bendi, tunakiita kwa urefu wa wimbi lake. Mita arobaini ni ya majirani: mchana kutwa utaongea na Nanyuki, Kerugoya, Kangari, kama watu waliokaa jikoni pamoja. Mita ishirini ni ya mbali. Inapanda juu, inawaruka majirani wote, inakwenda kushuka nchi za watu. Ukiniuliza kwa nini nagombania hewa, nami nitakuuliza: wewe ukikuta ng'ombe wa mtu kwenye mahindi yako utawaimbia?

Basi mwezi wa pili, ng'ombe waliingia.

Kila asubuhi saa moja nilikuwa na kikao hewani na Oloo. Oloo ni Mjaluo, sajenti mstaafu wa polisi, upande wa mawasiliano. Kazi ilimleta Nanyuki, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Siku hiyo tunaongea juu ya mvua, mara sauti zikaingia juu yetu. Hakuna kuuliza kama masafa yana mtu, hakuna jina, hakuna adabu. "Wale kumi na wawili wamevuka mto. Lori liko wapi?" Mwingine akajibu, "Liko kwa mawe meupe. Harakisha, wenye ranchi wameamka."

Siku ya pili, tena. Siku ya tatu, tena. Mimi naandika kila kitu kwenye daftari langu: saa, masafa, maneno. Ndiyo desturi yetu. Kila unachosikia na kila unachosema unaandika. Niliandika pia, "Oloo wa Nanyuki naye amesikia."

Oloo alinipigia simu. "Mzee Theuri, hao ni wezi wa mifugo. Wanaogopa simu kwa sababu simu inafuatwa. Sisi tuandike tu, nitawapelekea vijana wangu wa zamani. Usiwajibu."

"Wako kwa bendi yetu, Oloo!"

"Wacha wakae. Bendi haiishi."

Ati haiishi! Niliposikia hivyo kichwa kiliniwaka. Kesho yake walipoingia tu, nilibonyeza kitufe cha maikrofoni nikawafokea: "Nyinyi! Hapa ni mita arobaini! Kutoka elfu saba hadi elfu saba mia mbili ni ya watu wenye leseni! Shenzi nyinyi, tokeni!"

Halafu mtu akacheka polepole. "Na wewe ni nani, guka?" Aliniita babu kwa Kikuyu.

Nikamjibu. Haki ya Mungu, nilimjibu. Nilimtajia jina langu la hewani, herufi kwa herufi, mara mbili, polepole ili asikosee. Tulifundishwa hivyo: ukifungua mdomo hewani lazima ujitaje. Ningemkemea mtu kwa kuvunja sheria huku mimi mwenyewe naivunja? Lakini herufi hizo ukiziandika kwenye simu yako utaletewa jina langu kamili, Kamakwa, ramani mpaka getini, na picha yangu nimesimama chini ya mlingoti nikicheka. Niliiweka mimi mwenyewe.

Wakonyo alikuwa amesikia yote. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Umewapa jina letu?"

"Nimewapa sheria."

"Wewe mzee," akasema, "siku moja hii hasira yako itatutoa hapa." Akarudi jikoni. Hatukusemezana mpaka jioni, na mimi ndiye niliyenuna, kana kwamba nimekosewa.

Walikuja Jumanne saa tano asubuhi. Jua kali, majirani wako shambani. Wakonyo alikuwa nje anachagua maharagwe kwenye uteo. Nilisikia uteo ukianguka, nikatoka kwenye chumba changu cha redio, na sikuvuka hata kizingiti. Ngumi ilinipata mdomoni nikameza jino langu mwenyewe. Walikuwa wawili. Mmoja mrefu, mwembamba, ana panga na saa kubwa ya chuma mkononi. Mwenzake alimwita Wamae. Huyo mwenzake alikuwa mfupi, kifua kama gunia, na rungu lenye nati kubwa ya chuma kichwani.

Wamae alimvuta Wakonyo kwa kitambaa cha kichwa mpaka ndani, akamtupa sakafuni. Nikamrukia. Yule mfupi alinipiga rungu mgongoni, nikaanguka, akanikanyaga mkono mpaka nikasikia vidole vikilia. Wamae aliinama, akanishika sikio kama mwalimu anavyomshika mtoto mtundu, akalipitisha panga. Kipande kilibaki mkononi mwake. Akakiangalia, akakitupa.

"Guka mwenye bendi," akasema. "Mbona leo hufoki?"

Wakonyo alipiga nduru. Alipigwa teke la tumbo, nduru ikakatika.

Walilikuta daftari mezani. Wamae alisoma ukurasa mmoja, wa pili, midomo yake ikicheza. Alipofika kwenye jina la Oloo akasimamisha kidole. "Huyu ni nani?"

Sikujibu. Aliweka panga shingoni kwa mke wangu, akalivuta kidogo tu, damu ikateremka ndani ya blauzi yake ya bluu. Nikajibu. Nilisema kila kitu: Oloo, Nanyuki, polisi wa zamani, naye ana daftari kama langu.

"Mwite," Wamae akasema. "Mwambie aje hapa sasa hivi, peke yake, na hiyo daftari. Akikuja, mama atapona."

Uongo. Nilijua ni uongo. Walikuwa wametuonyesha nyuso zao, wameitana jina mbele yetu. Oloo akija tutakufa watatu badala ya wawili. Nilimtazama Wakonyo na yeye akanitazama, na kitu pekee nilichotaka duniani ni mama huyu atoke humo akiwa hai. Sikutaka kingine. Kumbukeni nimesema hivyo.

Nikakaa kwenye kiti. Yule mfupi alisimama mlangoni na rungu lake. Wamae alimburura Wakonyo mpaka karibu na dirisha, akampigisha magoti hapo, panga mkono wa kulia. Alitaka kuona barabara. Sasa, pale dirishani ndipo nyaya zangu za antena zinapoingia. Ni nyaya mbili tupu, zimeachana kama kiganja, zimeshikanishwa kwa vipande vya plastiki, ukiziangalia utadhani ni ngazi ya kuku. Wamae alipitisha mkono wa kushoto katikati yake, mpaka kwenye kiwiko, akashika vyuma vya dirisha, akawa anachungulia nje.

Damu yote ikanipanda kichwani.

Nisikilizeni vizuri. Antena yangu nimeikata kwa ajili ya mita arobaini. Ukirusha kwenye mita arobaini, hapo dirishani umeme ni mpole. Lakini ukiirusha kwenye mita ishirini, umeme mkali unakuja kusimama pale pale dirishani. Niliwahi kugusa kwa kidole kimoja, nikabaki na shimo la kuungua mpaka mfupa. Na siku hiyo nilirusha nguvu kidogo tu. Mezani nilikuwa na amplifaya ya wati mia nne.

Lakini kwenye mita ishirini Oloo hanisikii. Hakuna jirani atakayenisikia. Ukienda huko umejitoa peke yako.

"Saa hizi Oloo anapatikana mita ishirini," nikamwambia Wamae.

"Fanya haraka."

Hawakujua kitu. Redio yao ilikuwa ya kuiba, wanajua kituo kimoja tu. Nikageuza bendi. Nikazungusha vifundo viwili vya antena mpaka kwenye alama nilizochora kwa kalamu. Nikawasha amplifaya, taa zake zikawaka. Nikachukua maikrofoni kwa mkono uliobaki mzima.

"Oloo, Oloo, Oloo," nikasema.

Wamae alipiga yowe ambalo sijawahi kusikia kwa mtu. Cheche za buluu ziliruka kati ya nyaya na ile saa ya chuma, nyama ikanuka. Panga likaanguka. Alivuta mkono, ngazi ikamkaba kiwiko. Alivuta tena, saa ikanasa, waya ukajiviringisha. Alikuwa anacheza pale dirishani kama kuku aliyechinjwa vibaya, na mimi nimesimama, kitufe nimekibonyeza, namtukana kwa nguvu zangu zote. Nilisikia utamu. Sitawadanganya, nilisikia utamu mpaka kwenye meno yaliyobaki.

Kisha waya ukakatika, akaanguka nje ya duara la cheche, mkono umekuwa mweusi. Nikaachia kitufe. Nikageuka.

Wakonyo alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba, karibu na kiti changu, mkono mmoja umenyooka kuelekea mguuni kwangu. Kichwa chake kilikuwa kimebonyea upande. Yule mfupi hakuwepo.

Nduru za Wamae ziliwaleta watu kutoka mashambani. Yule mfupi walimkamata kabla hajafika barabara ya lami. Hawakumpeleka popote. Walimpiga kwa majembe na mawe, na mwanangu Ngatia alipofika kutoka Kerugoya saa nane, mwili ulikuwa bado uko mtaroni umefunikwa na gunia. Wamae alipelekwa hospitali chini ya ulinzi, wakamkata mkono begani. Kwa mdomo wake polisi walipata lori, ng'ombe na wenzake sita.

Niliwaambia polisi yote yalitokea mara moja: Wamae ameungua, yule mfupi amepiga, amekimbia. Ilikuwa kufumba na kufumbua, nikasema, hakukuwa na la kufanya. Waliandika hivyo. Kwenye mazishi mchungaji alisema Mungu aliniazima akili siku ile. Wanaume wa Kamakwa walinishika mkono wakaniita shujaa. Oloo alikuja na suti nyeusi, akalia kama mtoto, akaniambia, "Ungeniita kwa arobaini ningekuja mbio, Mzee Theuri, na ningekufa. Umeniokoa. Na mama, ulifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya." Nilimwamini. Ndilo lililokuwa linanilaza usingizi.

Mwezi wa nne nikapata barua pepe kutoka Lubumbashi. Aliyeandika ni Mkamba, Kasyoki, mhandisi kwenye migodi huko, naye ana leseni. Ilikuwa ya heshima sana.

"Mzee wangu," aliandika, "ile Jumanne nilikuwa nasikiliza mita ishirini. Mashine yangu inanasa sauti kila wakati. Nikasikia Kiswahili cha nyumbani, kwa nguvu sana, nikajaribu kukujibu lakini hukuachia kitufe. Nimesoma juzi tu kwenye gazeti yaliyokupata. Pole sana. Nimeona ni haki yako uwe nayo. Ni sekunde thelathini na nane."

Nilipoisoma hiyo namba nilidhani amekosea. Nikafungua sauti.

Naanza mimi. "Oloo, Oloo, Oloo." Yowe la Wamae. Halafu mimi tena, "Shika! Unataka bendi yetu? Shika hiyo! Shika!" Na nyuma ya sauti yangu, chini kidogo, lakini wazi, wazi kabisa, yuko Wakonyo.

"Baba Ngatia, mlango!"

Mimi natukana.

"Baba Ngatia, anakuja! Wacha huyo! Baba Ngatia!"

Panga lilikuwa sakafuni, hatua moja kutoka kwenye kiti changu. Yule mfupi alisitasita. Unasikia viatu vyake vinakwenda, vinasimama, vinakwenda tena. Alikuwa ananiogopa. Ningegeuka tu. Ningeachia kitufe nigeuke na panga, angekimbia.

Aliniita mara sita Baba Ngatia. Mara ya saba aliniita Hezekiah, na tangu tuoane hakuwahi kuniita kwa jina hilo. Rungu linasikika mara mbili, anguko, mlango.

Halafu nasikika mimi, bado namtukana Wamae, sekunde kumi na moja zaidi.