Kimto cha Nywele

Felista alishona kimto cha kuchomekea sindano kwa kipande cha kitenge na mfuniko wa kopo la siagi, akakijaza nywele zake mwenyewe. Zilikuwa zikimtoka tangu Kwaresima, mafungu mazima kila akichana. Kwao Matombo, kule milimani, nywele hazitupwi hovyo, na mafuta ya nywele yanazuia sindano zisishike kutu msimu wa mvua. Hakumwambia mtu. Alijifunga mtandio, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jirani yake kwenye baraza la Mzee Ahmadi, pale Kilakala, alikuwa Mwanaheri, msusi mwenye mdomo usio na breki. Wateja walikuwa wamempungua, naye badala ya kufua mataulo yake machafu akawa anatafuta mchawi. Asubuhi hiyo aliishiwa sindano ya kushonea wivingi. Akaja, akachomoa moja kwenye kimto bila hata hodi. Mshono ukafumuka, nywele zikachungulia.

"Jamani, njooni mwone!" akapiga yowe. "Nywele za wateja wangu, kazichoma sindano!"

Wakaja. Watu wa kuja kuona hawakosekani.

"Ni zangu," Felista akasema.

"Zako wapi! Nyie wa milimani tunawajua!"

Mzee Ahmadi, mwenye nyumba, akatoka ndani. Felista akamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Mama Joyce, ushirikina barazani kwangu sitaki. Hadi adhuhuri uwe umetoa cherehani yako."

Miaka kumi na moja wateja walimfuata pale. Kuhama na jina la mchawi ni kufa njaa, na mwanawe Joyce bado yuko kidato cha nne. Felista alimtazama Mwanaheri, akamchukia kwa moyo wake wote. Kisha akavua mtandio.

Kichwa kilikuwa viraka vitupu, ngozi inang'aa, vinywele vichache vimebaki kisogoni. Mama mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Wengine walikodoa macho bila haya. Felista akachota nywele za kwenye kimto, nyeusi zenye mvi, akaziweka kando ya sikio lake.

"Wewe ndiye msusi. Sema ni za nani."

Mwanaheri akatazama chini. Hakuwa na mteja mwenye mvi hata mmoja.

"Zako."

"Sema kwa sauti ile uliyoniitia mchawi!"

"Ni zake!"

Mzee Ahmadi akakohoa, akasema basi yaishe, Mama Joyce abaki, kila mtu akafanye kazi yake. Hakuomba radhi. Watu wakatawanyika, wawili tayari simu zikiwa masikioni.

Mwanaheri akabaki amesimama, sauti imemlainika.

"Mama Joyce, mbona hukuniambia? Ningekutengenezea wigi, bure kabisa."

"Nilikuwa na siri moja tu, Mwanaheri," Felista akasema, akijifunga tena mtandio, "na umeianika mbele ya watu. Wigi lako kalivae mwenyewe."