Kabati la Magoti

Saa nne kasorobo asubuhi, Bibi Pasi akiwa anapiga pasi shuka la sitini na mbili, goti lake la kushoto lilichomoka, likashuka taratibu mpaka kwenye sakafu ya saruji, likaenda kukaa juu ya beseni lililofudikizwa chini ya dirisha. La kulia lilifuata baada ya dakika chache. Hilo siku zote lilikuwa la kusitasita.

Bibi Pasi alimaliza kwanza kunyoosha pembe ya shuka.

"Mama, yametoka tena," binti yake alisema kutoka meza ya pili.

"Yaache yapumzike. Si ndivyo alivyoagiza muuguzi?"

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia asisimame muda mrefu, akae kidogo kila nusu saa, kapu zito alibebe kwa mikono miwili karibu na kifua, na miguu aizoeze kila siku isije ikakakamaa. Ya kapu na ya mazoezi aliyaweza. La kukaa halikuwa mikononi mwake. Viti viliondolewa kiwandani tangu siku mwenye mali alipopita akakuta watu wawili wamekaa, na sasa kila mpiga pasi alikuwa na mraba wake wa chaki wa kusimama. Basi magoti, yaliyokuwepo zahanati na kusikia kila neno, yaliamua kulitimiza agizo yenyewe.

Bibi Pasi hakuyalaumu. Aliyahitaji. Mjukuu wake alikuwa na miezi kumi na moja na ameshaanza kujishikilia ukutani, na kazi ya kuchuchumaa upande wa pili wa chumba, mikono wazi, kumwita mpaka auache ukuta, alikuwa ameiomba yeye mwenyewe. Ndivyo alivyomfundisha binti yake. Kila jioni aliyavaa magoti yake yakiwa yamepoa, hayajavimba, akachuchumaa na kuita. Mara moja tu, kwa haraka, aliyavaa kinyume, la kulia kushoto. Kila alipoelekea nyumbani akajikuta amerudi getini. Mlinzi alimwamkia mara tatu.

Msimamizi wao, waliyemwita Filimbi kwa sababu ya kile kilichoning'inia shingoni mwake, aliona kitu kingine. Miguu isiyo na magoti husimama wima kama nguzo. Haichuchumai, haiegemei ukuta, haina njia ya kukaa. Na siku za namna hiyo, Bibi Pasi alikuwa akimaliza mashuka arobaini zaidi.

Kabla wiki haijaisha fundi seremala alileta kabati lenye vyumba vidogo vidogo, kila kimoja kimetandikwa sponji na kuandikwa namba. Asubuhi watu walipanga foleni kukabidhi magoti yao, wayachukue jioni.

"Yangu usiyaweke karibu na ya huyu," mkunjaji mmoja wa mashuka alisema. "Yatafundishwa umbea."

"Ya kwako yafundishwe nini tena? Yalihitimu zamani!"

Walicheka, wakaenda kusimama.

Kisha ukaja mzigo mkubwa wa mashuka ya hospitali. Jioni ile Filimbi alifunga kabati akatia ufunguo mfukoni. Magoti yangebaki mpaka mzigo uishe, alisema, maana wakiyachukua wanayachosha njiani.

"Baba, nina mtoto nyumbani yuko mbioni kutembea," Bibi Pasi alimwambia.

"Shikamoo yako nitakupa kesho, Bibi. Hayo magoti yanatunzwa kuliko mimi."

Alifika nyumbani kwa hatua ndefu za miguu mikavu, akapanda ngazi ubavuubavu. Akasimama upande wake wa chumba. Mtoto akamtazama, akauacha ukuta, akaja. Hatua nne. Bibi Pasi alinyoosha mikono, na vidole vikaishia juu ya kichwa cha mtoto, kiasi cha shubiri moja. Mtoto alishika pindo la gauni, akatafuta uso, hakuuona, akakaa chini akalia. Binti yake ndiye aliyemwinua.

Asubuhi yake binti alikwenda moja kwa moja kwa Filimbi, mdomo kaukaza, hajaweka hata mkoba.

"Kaka, tunaomba viti. Hata mabenchi mawili tu."

Filimbi alifungua kabati. Jozi thelathini na nane zilikuwa zimelala juu ya sponji, laini, bila uvimbe.

"Viti vya nini tena? Magoti si haya yamekaa?"

Binti aliyatazama. Yalikuwa yamekaa kweli. La mama yake la kushoto, lenye kovu, lilisogea kidogo kumpisha, kana kwamba nafasi ipo. Filimbi akagonga kwa kidole chumba kitupu, rangi ya namba haijakauka.

"Hiki chako."

"Nitafikiria."

"Fikiria ukiwa umesimama."

Alirudi kwenye mraba wake, akashika pasi. Akauhamishia uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Bibi Pasi, aliyenyooka kwenye meza ya jirani, aliona gauni la mwanawe likitikisika kwa mbele, penye magoti, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa ndani.

"Yabane," alisema bila kuinua macho kwenye shuka. "Yabane, mwanangu."

"Nayabana, mama."